Anti wa Tivii Anajibu: Columbo, Monk na Wenzao Wana Haiba Gani?

Toleo lililopita niliwaomba mnikisie haiba za wapelelezi wa kwenye tivii kwa zile herufi nne za MBTI, lile jaribio la haiba. Meseji zimekuja nyingi na ugomvi umekuja nao, kwahiyo leo safu nzima ni hiyo hiyo. Kwa anayeingia leo, haiba ziko kumi na sita na zinatengenezwa na jozi nne. E au I, mtu anapata nguvu kwa kuchangamana na watu au kwa kukaa na mawazo yake. S au N, anaamini anachokiona na kukishika au anaruka haraka kwenye maana iliyojificha. T au F, anaamua kwa mantiki au kwa kuangalia watu na kile anachokithamini. J au P, anataka jambo lifungwe liishe au anaacha mlango wazi. Haya twende.

*Anti shikamoo. Mimi na baba tunaangalia Columbo pamoja na kila siku tunagombana. Baba anasema yule ni ENFP kabisa, anaongea na kila mtu, anapiga stori za mkewe na mbwa wake, anatafuta penseli mifukoni haipati. Mimi nasema ni mzembe anayebahatisha tu. Tuamulie. Binti wa Morogoro*

Marahaba mwanangu, na mzee msalimie sana. Naona wote wawili mmeangalia koti. Kwenye Columbo sisi watazamaji muuaji tunamjua mapema, tunamuona akiua, halafu ndo anaingia huyu luteni wa polisi na koti lake la mvua lililokunjamana na ile Peugeot 403 iliyochoka, kwahiyo hatuna kazi ya kutafuta nani kaua, kazi yetu ni kumuangalia yeye anavyofikiri mpaka anafika, na ndo maana kwangu mimi hakuna tamthilia nzuri kuliko hii kwa mtu anayejifunza kukisia haiba.

Tena wa kwanza kumchambua Columbo alikuwa muuaji. Kwenye ile filamu ya kwanza ya mwaka 1968 muuaji ni daktari wa magonjwa ya akili aliyemuua mkewe, na kuna sehemu wamekaa wawili wanakunywa, daktari anamchambua usoni pake: wewe si mjinga, unajifanya, hukujaliwa sura wala madaha ya kukubeba kwahiyo upungufu wako umeugeuza ukawa silaha, watu wanakudharau na hapo hapo ndo unawanasa. Kapatia karibu yote. Na bado akanaswa. Kwahiyo zile penseli na zile stori za mke, mwanangu, zitoe kwenye hesabu, hizo ni vifaa vya kazi. Hata lile jicho linaloonekana kama anakonyeza, Peter Falk mwenyewe aliyemcheza alikuwa na jicho la bandia, alipoteza la kwake akiwa na miaka mitatu. Sura ya mtu si haiba yake.

Angalia kinachomkwamisha. Episodi ya kwanza ya msimu wa kwanza, mwaka 1971, ile iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana mdogo, inahusu waandishi wawili wanaoandika pamoja hadithi za upelelezi na mmoja anamuua mwenzake. Maiti inakutwa kwenye majani mbele ya nyumba ya muuaji, yeye mwenyewe ndo anawapigia polisi simu, na wakati anawasubiri anafungua barua zake za posta. Basi, hicho tu. Columbo anaondoka na hicho kichwani na hakimtoki: mtu umekuta mwili wa rafiki yako nje kwako, moyo wa kufungua barua umeutoa wapi? Alama za vidole na damu zitafuata baadaye, kilichoanza ni kitu kidogo kisichokaa sawa na maelezo mengine, na hatulii mpaka apate maelezo yasiyo na tobo hata moja. Hiyo kwangu ni T ya ndani kabisa. N naipata kwa vile anavyomshuku mtu sahihi karibu tangu wanapoonana mara ya kwanza, ushahidi unakuja nyuma. P hata haihitaji mjadala, mtu keshaaga keshafika mlangoni anageuka, samahani bwana, kitu kimoja tu.

Baba atasema na ule ukarimu je? Ni kweli, upo. Kwenye episodi hiyo hiyo anampeleka mjane wa marehemu nyumbani, anamuona mama wa watu hajiwezi, anaingia jikoni kumpikia kimanda, na pale sioni mtego wowote. Lakini mtu wa T naye ana huruma, herufi inasema anavyoamua, haisemi ana moyo au hana. Kwenye I ndo baba atanichukia: mtu anayeongea vile tangu mwaka 1968 mpaka 2003, unajua nini kuhusu nyumbani kwake? Mkewe anatajwa kila siku na hatumuoni. Anaongea sana na hatoi kitu. Kwangu Columbo ni INTP, nasimama hapo.

*Sasa Anti. Kwa grupu yetu kila mtu anasema Monk ni ISTJ kwa sababu ya usafi na kupanga vitu. Na Poirot wakamweka hapo hapo. Je, ni sawa? Wa Nakuru*

Poa sana mwanangu. Hapana, si sawa, na hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu najua kuna nyumba ambazo ugonjwa wa Monk umo ndani.

Adrian Monk, yule wa Tony Shalhoub, 2002 mpaka 2009, ana OCD. Huo ni ugonjwa, mawazo yanamrudia rudia na vitendo vinamlazimisha, hachagui. Alikuwa na woga tangu utotoni lakini mkewe Trudy alipouawa kwa bomu la kwenye gari ndo akaanguka kabisa, akatolewa polisi San Francisco, ikabidi awe na nesi wa kutembea naye na vitambaa vya kufutia mikono. Sasa ukichukua kuogopa vijidudu ukaita J, kuogopa kushikana mikono na watu ukaita I, umechukua maumivu ya mtu ukayafanya tabia yake. Mwenye OCD anaweza kuwa haiba yoyote kati ya kumi na sita. Yupo hata kakake Monk, Ambrose, kalelewa nyumba moja naye, yeye woga wake ni wa kutoka nje tu, anakaa ndani anaandika vitabu vya maelekezo ya kutumia mashine, na ukiwaweka pamoja hawafanani hata namna ya kukasirika.

Na hapa nina ugomvi na waandishi wenyewe. Msimu wa 3 wanampa Monk dawa, woga unapungua, anavaa mashati ya maua, anajiita The Monk, na ule uwezo wa kuona ushahidi unapotea kabisa. Nilichukia sana ile episodi. Watu wanatibiwa na akili zao zinabaki, tena zinapata nafasi ya kupumua, na mtu anayesitasita kwenda hospitali akiona vile ataamini kwamba akipona atakuwa mtu wa kawaida asiye na kitu. Msiiamini.

Ukitoa ugonjwa, kinachobaki ni nini? Kwanza kumbukumbu. Anaingia eneo la tukio mikono ameinua mbele kama anapima picha, shingo imeinama upande, na anachofanya ni kulinganisha, hiki kilitakiwa kuwa hivi, mbona kiko vile. Hiyo ni S. Lakini T siikubali, na sababu yangu ni meza. Nyumbani kwake kila kitu kimenyooka, kila kitu, isipokuwa ile meza ya kahawa ya sebuleni imekaa upande kidogo, kwa sababu Trudy alipenda ikae hivyo. Mtu ambaye kalamu isiponyooka analia, anaishi na meza imepinda miaka yote hiyo kwa ajili ya mtu aliyemfia. Ugonjwa unamwambia nyoosha, mapenzi yanamwambia acha, na mapenzi yanashinda kila siku. Mimi naandika ISFJ.

Poirot, yule mpelelezi wa vitabu vya Agatha Christie, ni habari nyingine kabisa. Yeye mpangilio anaufurahia, masharubu anayatunza kwa raha zake, mayai yasiyolingana ukubwa anayakataa na anajivunia kuyakataa. David Suchet aliyemcheza kuanzia 1989 hadi 2013, episodi 70, kabla ya kuanza alisoma vitabu akajiandikia orodha ya tabia za Poirot 93, na ya kwanza ni kwamba ni Mbelgiji, SIO Mfaransa. Ukimsikiliza anavyofumbua kesi utaona vile viseli vyake vya kijivu, yaani ubongo wake, mara nyingi vinashughulika na moyo wa mtu, huyu kwa alivyo angeweza kuua kwa namna hii? Na anahangaika na vijana waliogombana warudiane, hiyo nayo haimo kwenye mkataba wa kazi. NFJ kwangu iko wazi, herufi ya kwanza endeleeni kugombania huko Nakuru.

*Salaam Anti, sisi tuko Muscat. Mume wangu anasema Sherlock Holmes ni INTJ, mimi INTP, mwezi wa pili sasa. Sherlock si alishasema mwenyewe kwamba yeye ni sosiopathi?*

Alaykumu salaam dada yangu. Swali la kwanza la kumuuliza mume ni Sherlock yupi. Jeremy Brett, 1984 hadi 1994, mwenye baridi na mpangilio halafu ghafla analipuka? Benedict Cumberbatch wa London, 2010 hadi 2017? Jonny Lee Miller wa New York, 2012 hadi 2019, aliyetoka kwenye dawa za kulevya na Watson wake, yule mwenzake wa kazi, ni Lucy Liu? Jina moja, watu watatu. Yawezekana wewe na bwana mnaangalia watu tofauti, mnaongeana mkipishana.

Kama ni Brett, mume kashinda. Kama ni Cumberbatch nipo na wewe: anachoshwa mpaka anapiga risasi ukuta wa sebuleni, hana ratiba, akili isipopata fumbo inamla. Mume atakuletea hoja ya kwamba hajui dunia inazunguka jua na hataki kujua kwa sababu haimsaidii kazini, na hiyo ni hoja nzito ya INTJ, jiandae nayo. Mwenye J ya kweli pale ni kakake Mycroft. Na Miller mimi nampenda kuliko wote kwa sababu anamfundisha Watson kazi mpaka naye anakuwa mpelelezi kamili, anabadilika mbele ya macho yetu, na mtu anayebadilika ni mgumu kumpa herufi.

Lile neno la sosiopathi, yaani mtu asiyejali wengine, Sherlock wa Cumberbatch analirusha kumnyamazisha polisi aliyemuita saikopathi. Ni tusi limejibiwa kwa majivuno, halijatoka kwa daktari, msilitumie kama ushahidi.

*Anti habari za kazi. Hivi wapelelezi wenye haiba ni Wazungu tu? Mwalimu, Bukoba*

Nzuri mwalimu, na asante, hili nililisubiri. Precious Ramotswe, mpelelezi mwanamke wa Botswana! Tamthilia ya 2008 na 2009, HBO na BBC, Jill Scott ndo yeye, na waliipiga Botswana kwenyewe, mlima Kgale unauona pale nyuma, si mandhari ya kuigiza. Episodi saba tu zikaisha na mpaka leo inaniuma. Halafu yule fundi magari mpole anayemchumbia, bwana Matekoni, ni Lucian Msamati, wazazi wake Watanzania.

Ramotswe anafungua ofisi kwa urithi wa ng'ombe wa baba yake. Maabara hana, bunduki hana, ana chai na masikio. Kuna kesi yake moja ya mwanzo mwanzo: mwanamke mwenye kipato kizuri kajiwa na mzee anayedai ni baba yake aliyepotea miaka mingi, mzee kahamia, anakula, anahudumiwa, na binti anaanza kuwa na wasiwasi. Mpelelezi wa T angetafuta vyeti. Mama Ramotswe anavaa sare ya nesi, anamwendea yule mzee anamwambia mwanao kapata ajali, anahitaji damu nyingi, wewe ndo baba itabidi tuchukue yako, na huenda wewe usipone. Mzee palepale anakiri hana undugu na yule dada. Amefika kwenye ukweli kwa kujua baba wa kweli angejibu nini. F ya kufundishia hiyo mwalimu, na kwa anavyoshikilia adabu za zamani na kujuana na kila mtu namwekea ESFJ. Wako wanaosema I kwa sababu anapenda kukaa peke yake na chai yake akiwaza, siwapingi sana.

Katibu wake Grace Makutsi, aliyemaliza chuo cha ukatibu na alama 97 na kila mtu lazima aambiwe, huyo ndo ISTJ mliyekuwa mnamtafuta kwa Monk.

*Dada, niliitwa intavyuu ofisi moja hapa Dar, wakanipa hilo hilo jaribio la herufi nne, nikatoka ISFP, wakaniambia hii haiba haifai kwa uhasibu. Ni kweli haya mambo ni sayansi? Naomba usinitaje.*

Sikutaji mdogo wangu, na pole. Walichokufanyia si sawa hata kwa kanuni za wenye jaribio lenyewe, wao wanasema wazi lisitumike kuajiri wala kumnyima mtu kazi. Herufi zinasema unapendelea nini, hazipimi unaweza nini. Hesabu zako zingepimwa kwa hesabu.

Historia yake iko hivi. Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, alitoa kitabu chake cha aina za haiba mwaka 1921. Marekani kulikuwa na mama na binti, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, hawakusomea saikolojia chuoni, wakayachukua mawazo ya Jung wakayapanga upya, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Isabel akaanza kutengeneza maswali akilenga watu wajue kazi gani itawakaa. Nia ilikuwa nzuri. Wasomi wa saikolojia wengi hawaliamini sana jaribio hili kwa sababu watu wengi wakilirudia baada ya wiki chache tu wanapata angalau herufi moja tofauti, na kwa sababu linamkata mtu awe huku au kule wakati wengi wetu tuko katikati. Wao hutumia zaidi vipimo vinavyosema una kiasi gani cha hiki na kile.

Sasa mbona naandika safu nzima kuhusu herufi hizi? Isabel, kabla ya jaribio lolote, aliandika riwaya ya upelelezi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliipeleka kwenye shindano la gazeti, zawadi dola 7,500, akashinda, na kati ya aliowapita ni wale binamu wawili waandishi wa hadithi za upelelezi waliokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Ellery Queen. Yaani aliyetuletea herufi nne alianza kwa kubuni wahusika na kujiuliza huyu akikutana na maiti atafanya nini. Na kwa wahusika wa kubuni herufi zinakaa vizuri kweli, kwa sababu mpelelezi wa tivii anaandikwa afanane na jana, wiki hii na wiki ijayo tabia ile ile, la sivyo watazamaji watalalamika. Columbo hawezi kuamka siku moja akanyoosha koti. Wewe unaweza, unalala vibaya, unafiwa, unapenda, unajifunza uhasibu, na jibu la maswali linabadilika. Kwahiyo tumpe Columbo herufi, tena tugombane, lakini wewe omba kazi nyingine ya uhasibu na ukipewa lile karatasi tena waulize kwa heshima kama wanajua wenye nalo wamekataza.

*Anti, Miss Marple humsemi kabisa? Bibi mwenye wajukuu, Unguja*

Shikamoo bibi, namsema sasa hivi, yule bibi mpelelezi wa Agatha Christie. Muangalie Joan Hickson, BBC, 1984 hadi 1992, alicheza riwaya zote 12 za Marple, wale waliokuja baadaye hadithi zilibadilishwa mno. Kila muuaji anamkumbusha mtu wa kijijini kwake St Mary Mead, mara kijana wa dukani, mara mfanyakazi wa ndani aliyewahi kudanganya kidogo tu, na kwa kumbukumbu hizo anafika kabla ya polisi huku anafuma. S na J hazina ubishi. Wengi wanampa F kwa upole wake, ila bibi msikilize anapozungumzia adhabu ya muuaji, sauti haipandi na huruma haipo hata tone. Mimi nasita kati ya ISFJ na ISTJ, na wewe uliyelea wajukuu na kujua nani kala sukari bila kuuliza mtu utakuwa na jawabu zuri kuliko langu, niandikie.